Utaifa wa Marekani baada ya vita vya 1812: taifa lilikuwa la nani?

Swali, kutoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Iringa: "Kitabu ninachofundishia kinasema vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza ndivyo vilivyokuza utaifa wa Wamarekani. Nikisoma zaidi naona vita vyenyewe hawakuvishinda, mji mkuu wao ulichomwa moto, na mkataba wa amani haukuwapa walichokipigania. Halafu haikufika hata miaka hamsini wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Wanafunzi wananiuliza huo utaifa uliokua ulikuwa wapi, nami sina jibu la kuwaridhisha."

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kitabu hakijasema uongo, ila kimeishia njiani. Utaifa ulikua kweli baada ya 1815, tena kwa kasi. Lakini haukukua kwa kupanda moja kwa moja. Watu waliingia ndani yake na kutoka. Eneo lililokaribia kuupa Muungano wa majimbo ya Marekani kisogo mwaka 1814 ndilo lililokuja kuwa mtetezi wake mkubwa 1830, na jimbo lililotoa baadhi ya wapiga debe wakali wa vita mwaka 1812 ndilo lililotangaza 1832 kwamba sheria ya taifa haina nguvu kwake. Ukilishika hilo, maswali ya darasani kwako yanaanza kujibika.

Nitakupitisha kwa wanasiasa wawili, John C. Calhoun wa South Carolina na Daniel Webster, mzaliwa wa New Hampshire aliyehamia Boston. Wote wawili walizaliwa 1782, mwaka mmoja kabla Uingereza haijatia saini mkataba wa kutambua uhuru wa Marekani. Kizazi chao hakikupigania uhuru, kiliukuta. Kilitaka nacho kifanye jambo lake, na hamu hiyo ni sehemu ya habari yetu.

Malalamiko ya Marekani dhidi ya Uingereza yalikuwa ya kweli. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na manowari zake zilisimamisha merikebu za Marekani baharini na kuwachukua mabaharia kwa nguvu wakatumike katika jeshi la mfalme. Mwaka 1807, nje kidogo ya pwani ya Virginia, manowari Leopard iliishambulia Chesapeake ya Marekani, ikaua watu watatu na kuchukua wengine wanne. Wabunge vijana wa Kusini na Magharibi, Calhoun na Henry Clay wa Kentucky wakiwa mbele, wakasema heshima ya nchi imekanyagwa. Juni 1812 Bunge likatangaza vita, wawakilishi kwa kura 79 dhidi ya 49, maseneta 19 dhidi ya 13. Zitazame kura hizo kwa makini, kwa sababu nchi iliingia vitani ikiwa imegawanyika vibaya.

Ajabu ni kwamba waliopinga zaidi walikuwa watu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, wenye merikebu zilizokuwa zikikamatwa. Riziki yao ilikuwa biashara ya bahari, na vita viliifunga. Magavana wa Massachusetts na Connecticut walikataa kuwakabidhi wanamgambo wao kwa makamanda wa serikali kuu. Desemba 1814, serikali ilipotaka kuandikisha askari kwa lazima, Webster, wakati huo mbunge kijana wa New Hampshire, alisimama na kusema majimbo yana wajibu wa kuwakinga raia wao na mamlaka ya kidhalimu. Siku chache baadaye wajumbe 26 wa New England walikutana Hartford, Connecticut, milango ikiwa imefungwa. Wengi walihofu watatoka na tangazo la kujitenga. Walitoka na madai ya kubadili katiba: vita visitangazwe bila theluthi mbili za Bunge, rais akae kipindi kimoja tu, majimbo ya watumwa yasiendelee kuhesabu watumwa yanapogawiwa viti vya Bunge.

Sasa tazama jinsi habari zilivyofika Washington Februari 1815. Mji ulikuwa na majengo yaliyoungua; Waingereza walikuwa wamelitia moto Bunge na Ikulu tarehe 24 Agosti 1814. Kwanza ikaja habari kwamba Jenerali Andrew Jackson amelivunja jeshi la Uingereza New Orleans tarehe 8 Januari, kamanda wao Pakenham ameuawa, na Waingereza wapatao elfu mbili wamekufa, kujeruhiwa au kutekwa. Kabla shangwe haijapoa ikaja habari ya pili: mkataba wa amani umetiwa saini huko Ghent tarehe 24 Desemba, yaani majuma mawili kabla ya mapigano hayo. Na katikati ya vifijo hivyo wakafika wajumbe wa Massachusetts na madai ya Hartford mkononi. Hakuna aliyetaka kuwasikia. Chama chao cha Federalist kilionekana cha watu walioisaliti nchi saa ya shida, na hakikuinuka tena.

Mkataba wa Ghent ulirudisha mipaka ilivyokuwa. Kuhusu mabaharia waliotekwa haukusema neno. Lakini kwa mwananchi wa kawaida wa Ohio au Tennessee, habari zilifika kwa mpangilio mmoja: tumewapiga New Orleans, wakakubali amani. Si hivyo ilivyotokea, ila ndivyo ilivyokaa akilini mwa watu, na kumbukumbu ya namna hiyo ina nguvu kuliko vifungu vya mkataba. Ongeza usiku wa Septemba 1814 pale Baltimore, ngome ya McHenry ilipopigwa mabomu hadi alfajiri bila kuanguka, na wakili Francis Scott Key akaandika shairi kuhusu bendera aliyoiona ingali ikipepea. Shairi hilo lilianza kuimbwa papo hapo, ingawa lilifanywa rasmi kuwa wimbo wa taifa 1931. Albert Gallatin, mmoja wa waliojadili mkataba wa Ghent, aliandika mwaka 1816 kwamba vita vimewafanya watu wawe Wamarekani zaidi, wanahisi na kutenda zaidi kama taifa moja. Huyu alikuwa mtu wa hesabu, waziri wa fedha wa miaka mingi, si mtu wa kupambapamba maneno. Namwamini.

Hadi hapo kitabu chako kina haki. Kilichofuata ndicho kinachorukwa.

Vita viliwafundisha viongozi kwamba serikali kuu ilikuwa dhaifu mno. Haikuwa na benki, ilikopa kwa taabu, na ilisafirisha mizinga kwenye njia za matope. Kwa hiyo mwaka 1816 Rais James Madison, aliyeipinga benki ya taifa kwa nguvu zote mwaka 1791, alitia saini sheria ya kuanzisha Benki ya Pili ya Marekani yenye mtaji wa dola milioni 35. Mwaka huohuo ukaja ushuru wa forodha wa kukinga viwanda vya ndani. Na mtetezi wa benki, mtetezi wa ushuru na mtetezi wa barabara alikuwa nani? Calhoun. Februari 1817 aliliambia Bunge kwamba nchi ni kubwa na inazidi kukua, na kwamba ukubwa huo ni hatari, basi na tuifunge jamhuri pamoja kwa mtandao kamili wa barabara na mifereji. Bunge lilikubali. Madison alikataa kutia saini siku ya mwisho kabisa ya urais wake, akisema katiba haimpi Bunge uwezo huo. Mfereji wa Erie, kilomita 580 kutoka Mto Hudson hadi maziwa makuu, ulichimbwa kati ya 1817 na 1825 kwa fedha za jimbo la New York, si za taifa. Watu hulisahau jambo hilo: kazi kubwa kuliko zote iliyoiunganisha nchi wakati ule ilifanywa na jimbo moja.

Mahakama Kuu chini ya John Marshall iliipa hisia hiyo meno ya kisheria. Jimbo la Maryland lilitaka kuitoza kodi benki ya taifa. Machi 1819 Marshall aliamua kwamba haliwezi, kwa hoja iliyokwenda mbali kuliko benki: katiba ilitoka kwa watu wote, haikutoka kwa majimbo kama mapatano ya wenye nyumba zao. Mmoja wa mawakili wa benki alikuwa Daniel Webster. Naam, yuleyule wa Desemba 1814.

Webster hakuota ndoto usiku mmoja akaamka mzalendo. Boston ilikuwa imebadilika. Merikebu zilipokaa bila kazi wakati wa vita, matajiri wa New England walihamishia fedha zao kwenye viwanda vya nguo, kwanza Waltham, kisha mji mpya wa Lowell. Ushuru wa 1816 ulikuwa na kifungu cha werevu kwa ajili yao: kitambaa cha pamba cha kutoka nje, hata kingekuwa rahisi vipi, kihesabiwe kana kwamba kila yadi ina thamani ya senti 25, kisha kitozwe asilimia 25 ya hesabu hiyo. Nguo rahisi za India zikafungiwa mlango. Webster mwenyewe alisita. Bado 1824 alipinga kuongezwa kwa ushuru, kwa sababu wenye meli walikuwa wapiga kura wake pia. Ilipofika 1828 viwanda vilikuwa vimeshinda, naye akaupigia kura.

Hapa pwani yetu inaingia kwenye habari hii, na wanafunzi wako watapenda kulijua hilo. Shuka za merikani zilizojaa Zanzibar tangu miaka ya 1830 zilitoka kwenye viwanda hivyohivyo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walizileta na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini Muscat mkataba wa biashara na Marekani, na 1837 konseli wao akafungua ofisi Unguja. Merikani ilizisukuma kando nguo za India na kwenda na misafara hadi Unyamwezi ikitumika kama fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa Kusini mwa Marekani na kusokotwa Kaskazini. Kwa hiyo katika jora moja la kitambaa ulikuwa na ulimwengu wa Calhoun na wa Webster, na mteja wake alikuwa mpagazi wa Tabora.

Turudi kwa Calhoun, kwa sababu kugeuka kwake ndiko kunakojibu nusu ya pili ya swali lako.

Mwaka 1819 uchumi ulianguka na bei ya pamba ikaporomoka. Mwaka huohuo Missouri iliomba kuingia katika Muungano ikiwa na utumwa, na mbunge mmoja wa New York akataka utumwa huko uzuiwe polepole. Wakati huo majimbo yenye utumwa na yasiyo nao yalikuwa 11 kwa 11, na Bunge likachemka. Mwaka 1820 walipatana: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa, na katika maeneo mengine yaliyonunuliwa kwa Ufaransa utumwa usivuke kaskazini ya latitudo ya digrii 36 na dakika 30. Mzee Thomas Jefferson alisema habari hizo zilimshtua kama kengele ya moto usiku. Angalia miaka hiyo, Mwalimu. Vitabu hukiita kipindi cha Rais James Monroe "enzi ya hisia njema", jina alilolitoa mhariri wa gazeti Boston mwaka 1817, na ni kweli kwamba mwaka 1820 Monroe alichaguliwa tena kwa kura zote za wajumbe wanaomchagua rais isipokuwa moja. Chama kilikuwa kimoja, lakini nchi ilikuwa imeshaanza kuchanika.

Kisha South Carolina iliingiwa na hofu. Mwaka 1822, mjini Charleston, Denmark Vesey, mtu mweusi aliyekuwa amejinunulia uhuru, alishtakiwa kupanga uasi wa watumwa. Yeye na wenzake, jumla 35, walinyongwa. Jimbo likatunga sheria ya kuwafunga jela mabaharia weusi wa meli yoyote muda wote meli yao ikiwa bandarini. Jaji wa shirikisho alisema sheria hiyo inavunja katiba. Jimbo likaendelea kuitumia. Naona hapo ndipo mgogoro wa 1832, wa jimbo kubatilisha sheria ya taifa, ulipozaliwa, miaka kumi kabla ya kulipuka. Wenye mashamba walianza kuiona hoja ya Marshall kwa jicho jingine: serikali yenye nguvu ya kuanzisha benki na kuchimba mifereji ina nguvu pia ya kuugusa utumwa.

Ushuru wa 1828 ulipokuja mzito, Calhoun, ambaye sasa alikuwa makamu wa rais, aliandika kwa siri hoja kwamba jimbo lina haki ya kubatilisha sheria ya taifa ndani ya mipaka yake. Katika barua ya 1830 alikiri kwamba ushuru ulikuwa sababu ya juujuu tu, na kwamba kilichokuwa chini yake ni utaratibu wa pekee wa maisha ya Kusini, yaani utumwa. Ninaitilia mkazo barua hiyo kwa sababu wapo mpaka leo wanaofundisha kwamba ugomvi ulikuwa wa kodi.

Januari 1830 Seneta Robert Hayne wa South Carolina aliitetea hoja hiyo ya kubatilisha, na Webster akamjibu kwa hotuba iliyoishia na maneno watoto wa shule Kaskazini waliyokariri kwa miongo: uhuru na Muungano, sasa na milele, kimoja kisichotenganishwa na kingine. Aprili mwaka huo, kwenye karamu ya kumbukumbu ya Jefferson, Rais Jackson aliinua glasi akasema Muungano wetu lazima uhifadhiwe. Calhoun akainua yake akasema Muungano, baada ya uhuru wetu, ndio tunaoupenda zaidi. Novemba 1832 South Carolina ilitangaza ushuru kuwa batili. Jackson, mzaliwa wa maeneo hayohayo na mwenye watumwa wake mwenyewe, alijibu kwamba kutaka kuuvunja Muungano kwa silaha ni uhaini. Machi 1833 zikapita sheria mbili pamoja, moja ya kumruhusu kutumia jeshi, nyingine ya kupunguza ushuru, na jimbo likarudi nyuma.

Jackson huyu asikufanye umwone mtetezi wa wote. Utaifa wa wakati ule ulikuwa na ardhi chini yake, na ardhi ilikuwa ya watu, wenyeji wa asili wa Amerika. Tecumseh, kiongozi wa Washawnee aliyejaribu kuyaunganisha makabila yawe na umoja wao, aliuawa vitani Oktoba 1813. Mwaka uliofuata Jackson aliwanyang'anya Wacreek ekari milioni 23 hivi, wakiwemo waliopigana upande wake; sehemu kubwa ikawa mashamba ya pamba ya Alabama. Wacherokee waliufuata mfano wa Marekani hatua kwa hatua: wakawa na maandishi yao, katiba mwaka 1827, gazeti mwaka 1828. Jibu walilopata ni sheria ya kuhamishwa ya 1830, iliyopita kwa wawakilishi 102 dhidi ya 97. Mahakama ya Marshall iliamua kwa upande wao 1832, lakini uamuzi huo haukuwazuia kufukuzwa.

Na watu weusi? Wakati wa vita watumwa wapatao elfu nne walitorokea kwa Waingereza, na baadhi yao wakavaa sare na kupigana nao. Uhuru wao ulikuwa upande wa pili wa mapigano. Wengine, weusi huru, walipigana chini ya Jackson New Orleans. Lakini Desemba 1816, mwaka uleule wa benki na ushuru, watu wakubwa wa nchi, Clay akiwemo, waliunda chama cha kuwapeleka weusi huru Afrika, na ndicho kilichoanzisha Liberia. Mwezi uliofuata weusi huru wapatao elfu tatu walijaa kwenye kanisa la Betheli, Philadelphia, wakapiga kura ya kukataa. Walitamka kwamba wazee wao, bila kuchagua, walikuwa wa kwanza kulima pori la nchi ile kwa mafanikio, kwamba wao wana haki ya kushiriki baraka zake, na kwamba hawatawaacha kwa hiari ndugu zao waliomo utumwani. Katika matamko yote ya utaifa niliyoyasoma ya kipindi hicho, sijaona lililo na haki kuliko hilo.

Kwa hiyo wanafunzi wakikuuliza utaifa ulikuwa wapi kufikia 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, waambie ulikuwepo, tena pande zote mbili. Rais Abraham Lincoln, aliyeutetea Muungano, alipoandika hotuba yake ya kuapishwa alikuwa na hotuba ya Webster ya 1830 na tangazo la Jackson la 1832 mbele yake. Watu wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga nao walidai kwamba ndio warithi halisi wa 1776, na katiba yao waliinakili kwa sehemu kubwa kutoka ile ya Marekani, wakiongeza ulinzi wa utumwa kwa maandishi. Vita vya 1812 viliwapa watu taifa la kulipenda, lakini havikuamua ni nani mwenye neno la mwisho ndani yake, wala ni nani anayehesabiwa.

Darasani ningeacha hotuba ndefu. Wape wanafunzi maneno mawili ya Calhoun, ya barabara mwaka 1817 na ya karamu ya 1830, uwaache watafute kilichobadilika South Carolina katika miaka 13 hiyo: bei ya pamba, Missouri, Charleston 1822. Kundi jingine lifanye vivyo hivyo kwa Webster kati ya 1814 na 1830. Kipindi kikiwa kirefu, wasome na tamko la Philadelphia.